Vifuniko Vilivyolala

Jumatatu, 16 Machi 1998

Kompyuta imefika. Imebebwa na watu wawili, ikawekwa juu ya meza yangu, palepale ninapowekaga chai tangu nianze kazi hapa. Hata sikuulizwa. Bwana Mohinder, mdosi wetu mwenye kampuni, alisimama mlangoni na kile kilemba chake cha bluu, akasema, "Seline, kazi yetu ya miezi sita lazima iingie humo ndani kabla Juni iishe. Ikikosa kuingia, mimi nauza lori."

Wacha niandike vizuri nisije nikasahau mambo yalivyoanza. Sisi ni watu wanane na lori moja na nusu, kwa maana la pili liko juu ya mawe tangu mwaka jana. Tunabeba taka: matumbo na vichwa vya mbuta kutoka kiwanda cha samaki cha Bwana Pradip, vumbi la mbao kutoka kwa wapasua mbao, na uchafu wa soko. Tangu kipindupindu cha mwaka mpya, na wanunuzi wa ng'ambo kukataa samaki wetu, kila mtu mjini anauliza uchafu wa viwanda unaenda wapi. Sasa tumeambiwa: kuanzia Julai hakuna kubeba taka za kiwanda bila leseni, na hakuna leseni bila rekodi za miezi sita zilizopigwa kwa kompyuta. Tarehe, kiwanda, aina ya taka, uzito, mahali zilipotupwa. Bwana Pradip ameshasema tukikosa leseni hatatupatia hata ndoo moja. Na sisi bila samaki ni akina nani? Watu wanane warudi nyumbani.

Marehemu Dishon, karani aliyenitangulia, alikufa Desemba na kazi yote ikiwa kichwani mwake. Nimeachiwa mimi, Seline Apiyo, mjane, Msabato, miaka arobaini na miwili, ambaye hata redio ya kaseti huwashiwa na watoto. Lakini hiki chuma hakitanishinda. Nilijifunza taipu nikiwa na mimba ya miezi minane, hiki nacho nitakijua.

Jumatano, 18 Machi

Jaswinder, binti wa mdosi, amenianzishia masomo. Alisoma Nairobi, na anaongea Kidholuo kizuri kuliko watoto wangu. "Mama, usiiogope. Gusa tu." Nikagusa. Ikalia piii! Nikaruka mpaka mlangoni. Alicheka mpaka akakaa chini. Kesho nitagusa tena.

Ijumaa, 20 Machi

Leo ndio nimeonyeshwa rekodi zetu. Yawa! Ni trei za mayai.

Absalom, dereva wetu, hajui kusoma wala kuandika. Kwa hivyo Dishon alimpatia mkebe wa vifuniko vya soda. Kila safari ya lori, kifuniko kimoja. Chekundu ni samaki, cha machungwa ni vumbi la mbao, cha kijani ni soko. Trei ya mayai ina mashimo thelathini, basi kila shimo ni siku na kila trei ni mwezi. Siku ya thelathini na moja inakaa kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Nimekuta Januari, Februari na Machi zimepangwa kwenye rafu, zimefunikwa na gazeti.

Ati hiyo ndiyo tutampelekea mtu wa serikali. Absalom alikuwa amesimama pale akiziangalia kama mtu anayeangalia watoto wake. Nikamwambia, "Mzee, dunia imeenda mbele." Akanijibu, "Sawa, Mama." Ni mtu wa "sawa, Mama" kutoka asubuhi hadi jioni. Sijui kama ndani mwake kuna kitu kingine.

Jumanne, 24 Machi

Mvua imeanza. Nimemaliza Januari yote na nusu ya Februari.

Ijumaa, 27 Machi

Harufu nyumbani, mbaya kabisa. Ni nguruwe wa Rosa.

Rosa ni jirani yangu hapa Nyamasaria, tumetenganishwa na ua wa miti ya ojuok tu. Ana nguruwe wanne. Mimi sina neno na Wakatoliki kama yeye, wale wanachotaka, lakini zizi lake liko palepale kwenye njia ya kwenda nyuma, kwenye lile shimo la murram, walipochimba udongo watu wa barabara wakaliacha. Njia hiyo siipiti. Tangu alete hao wanyama, najisi kwetu Wasabato, sijaikanyaga.

Ijumaa, 3 Aprili

Jaswinder amenifundisha uchawi. Unaandika neno mara moja, unashika pale pembeni, unavuta chini, na neno linajijaza lenyewe mpaka mwisho wa ukurasa. Sehemu ya mahali pa kutupa nimeandika "Dampo" mara moja tu, nikavuta. Dampo, dampo, dampo, Machi nzima! Nilipiga makofi peke yangu.

Kazi sasa inaenda. Namwaga shimo moja mezani, nageuza vifuniko vyote viangalie juu nione rangi, nahesabu, naingiza, narudisha kwenye mkebe. Leo Absalom alinikuta kwenye vifuniko vya mwisho wa Machi. Alisimama dirishani, maji yanamtiririka kwenye koti.

"Mama Seline, hivyo vingine vilikuwa vimelala."

"Vimelala! Vina usingizi? Enda ukaoshe lori, linanuka mpaka humu."

Akakamua mkono wa koti. "Hukuona vilikuwa vimelala?"

"Absalom, nimeona. Macho ninayo."

"Sawa, Mama," akaenda.

Jumatatu, 6 Aprili

Harufu. Mvua.

Jumatano, 8 Aprili

Harufu. Nimemuita Rosa kwenye ua. Nikamwambia kwa heshima kabisa, "Mama Rosa, hawa wanyama wako wanatuua." Alikuwa ameshika sufuria ya maganda. "Seline, nguruwe wangu naosha zizi lao kila siku kushinda watu wengine wanavyoosha nyumba zao. Hiyo harufu hata mimi inanitapisha." Nikamwambia basi inatoka mbinguni. Akasonya, nami nikasonya.

Jumanne, 14 Aprili

Stima ilipotea saa nne na kila kitu nilichokuwa nimeandika tangu asubuhi kikaenda nayo. Nililia kidogo chooni. Halafu nikaosha uso nikaanza upya. Sasa kila baada ya mistari kumi nahifadhi kwenye disketi, na disketi nabeba kwenye mkoba pamoja na Biblia.

Alhamisi, 16 Aprili

Harufu.

Alhamisi, 23 Aprili

Harufu imezidi. Leo nzi wameingia mpaka kwenye chai. Nimeenda kwa naibu wa chifu kushtaki. Nimeandika barua nzuri, nimeitaipu kwa kompyuta, na mstari wa chini nimeuchora mzito. Naibu ameishika kwa vidole viwili akasema hajawahi kuletewa malalamiko safi namna hii.

Jumatatu, 27 Aprili

Mvua ya ajabu. Nimefika kazini nimelowa mpaka kwenye nguo za ndani. Vibarua wanne wa kupakia walitoka hivyo hivyo na Absalom, wakarudi na safari nne. Jioni Absalom aliniuliza, "Mama, huko kwenu Nyamasaria mambo ni sawa?" Nikamwambia huko kwetu ni nguruwe tu. Akanitazama sana.

Jumamosi, 2 Mei

Sabato. Siandiki mambo ya kazi. Harufu ilifika mpaka kanisani, au ni pua yangu imeharibika.

Alhamisi, 7 Mei

Naibu wa chifu amekuja mwenyewe na mwavuli. Amempa Rosa siku saba: nguruwe watoke au yeye ashitakiwe na watu wa afya, maana wakati huu wa kipindupindu hakuna mchezo. Barua yangu alikuwa ameishika mkononi. Rosa alinitafuta kwa macho juu ya ua na mimi sikujificha.

Jumatano, 13 Mei

Nguruwe wameenda. Mchinjaji kutoka mjini alikuja na pikapu. Mmoja alikuwa na mimba, alikataa kupanda, na Rosa mwenyewe ndiye aliyembembeleza mpaka akapanda. Baadaye alifagia zizi lote na kulimwagia maji, akafunga mlango.

Nasema ukweli, nilifurahi. Leo nitalala.

Ijumaa, 15 Mei

Harufu.

Labda zizi halijaoshwa sawasawa.

Jumanne, 19 Mei

Harufu. Mvua usiku wote.

Jumanne, 26 Mei

Nimeshindwa kula.

Bwana Wakhisi, mkaguzi wa serikali, alikuja leo kuona tumefika wapi kabla ya siku yenyewe. Ni mtu mwembamba, anaongea polepole, na viatu vyake vina matope kweli, si kama hawa wanaokagua wakiwa ndani ya gari. Bwana Mohinder alimwekea kiti na samosa. Mimi nilimwonyesha Januari mpaka Mei 19, nimeteremsha ukurasa kwa kidole kimoja, rangi na mistari yote sawa. Jaswinder alikuwa amesimama nyuma yangu kama mwalimu aliyeleta mwanafunzi kwenye mtihani.

"Hii ni safi," akasema Bwana Wakhisi. "Viwanda vikubwa havijafika hapa." Halafu akaweka kidole kwenye kioo. "Tarehe ishirini na saba Aprili. Safari nne, dampo."

"Ndiyo."

"Lori lenu liliruka?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Siku hiyo barabara ya dampo ilikatika asubuhi. Maji yalibeba kile kidaraja. Mimi mwenyewe niliacha gari nikarudi kwa miguu. Hakuna lori lililofika huko mpaka Alhamisi. Nyinyi mlipeleka tani kumi na mbili za samaki." Akakunja karatasi zake. "Mama, sitaandika kitu leo. Nitarudi tarehe thelathini Juni. Mnipe karatasi ambayo nyinyi wenyewe mnaweza kuiapia."

Samosa hakuigusa.

Jumatano, 27 Mei

Nimemngoja Absalom langoni tangu saa kumi na mbili. Hata hakupata nafasi ya kushuka kwenye lori.

"Tarehe ishirini na saba mwezi uliopita mlimwaga wapi?"

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia lini?"

Alinishika mkono, kitu ambacho hajawahi kufanya, akanipeleka kwenye rafu. Trei ya Mei ilikuwa na mashimo kadhaa ambayo sijamwaga bado. Akaelekeza kidole. Shimo la tarehe ishirini lilikuwa na vifuniko vitano. Vitatu vimekaa chali, vinaonyesha wekundu. Viwili vimelala kifudifudi, unaona bati tupu la ndani.

"Chali ni mzigo uliofika dampo. Kifudifudi ni mzigo uliolala njiani. Barabara ikiwa mbaya, tunalaza mzigo mahali, kesho jua likitoka tunaurudia. Dishon alikuwa akiona kifudifudi, anasema, 'Absalom, rudini mkauchukue.' Tukishaupeleka, anakigeuza kifuniko mwenyewe. Miaka tisa hivyo."

Mimi ndiye niliyekuwa navigeuza. Vyote. Kila jioni, viangalie juu, nione rangi.

"Kwa nini hukusema, Absalom?"

"Nilisema vimelala. Ukaniambia umeona, macho unayo." Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo ilinichoma zaidi. "Nikangoja uniambie turudi. Hukusema. Nikaona vimegeuzwa, nikajua ofisi imeamua mzigo ukae pale. Na tena wewe unaishi palepale. Nikasema, kama Mama Seline ananusa na amenyamaza, mimi dereva ni nani?"

"Naishi wapi?"

"Nyamasaria. Si tunalaza kwenye lile shimo la murram."

Sijui nilifikaje nyumbani. Nimepita ile njia niliyoapa sitaipita, nikapita zizi tupu la Rosa lililofagiwa, nikashuka mpaka shimoni. Sitaandika nilichoona huko. Matumbo ya wiki na wiki, yameelea. Na maji ya mvua yanatoka hapo yanateremka kwenye kijito ambacho akina mama wa bondeni wanachota na kuoshea watoto.

Nilipogeuka, Rosa alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo. "Unatafuta nini huku, Seline? Nguruwe waliisha."

Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama kwenye tope. Kwamba ni lori letu. Kwamba ni mimi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Yule mmoja alikuwa azae wiki iliyofuata," akachukua ndoo yake akaenda.

Alhamisi, 28 Mei

Nimeingia kwa Bwana Mohinder kabla hajavua koti, nikamweleza. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Safari ngapi?"

"Sijui bado. Nyingi."

"Seline, sikia. Hiyo tarehe ishirini na saba andika lori iliharibika. Zingine acha hivyo hivyo. Bonyeza tu, toa karatasi. Nani atajua?"

"Bwana Wakhisi ameshajua. Rosa anajua. Mimi najua."

"Unataka kunifunga? Mimi nimezaliwa hapa, baba yangu amezikwa hapa, sasa mimi nifungwe kwa sababu ya kifuniko ya soda?"

"Kosa ni langu, andika kwamba ni langu. Lakini mimi sitabonyeza."

"Nitapata mtu mwingine atabonyeza."

Nilifikiri atamuita Jaswinder. Jaswinder alikuwa pale mlangoni, akamuuliza baba yake kitu kimoja tu, kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Papa, umeenda kuona hilo shimo?" Bwana Mohinder akachukua funguo za gari.

Alirudi saa saba na nusu, viatu vyote viwili ni tope, suruali mpaka magotini. Alikaa kwenye ngazi akaviosha mwenyewe kwa maji ya mfereji. Baadaye akaniita. "Lori itaanza huko kesho. Kila siku barabara ikikubali. Na wewe tafuta hesabu ya kweli, usiongeze, usipunguze." Akavaa viatu vyake vikiwa bado vimelowa. "Lakini ukituua, umetuua wote wanane."

Nilirudi kwenye meza nikafuta neno "Dampo" kutoka Machi mpaka mwisho. Nilivuta chini kama nilivyofundishwa, likafutika lote mara moja.

Jumatatu, 1 Juni

Madaraka. Wengine wako uwanjani, mimi na Absalom tuko ofisini.

Shida ni hii: vifuniko vya Machi, Aprili na Mei nimevirudisha kwenye mkebe, vimechanganyika. Hakuna mtu duniani anayeweza kujua kipi kililala siku gani. Nilikaa nimeshika kichwa. Halafu nikakumbuka hiki kitabu.

Mimi hapa nimeandika kila siku iliyonuka. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikidhani naandika juu ya nguruwe.

Basi nikaanza kumsomea Absalom. "Tarehe ishirini na saba Machi, harufu." Akafunga macho. "Siku moja kabla tulilaza mbili. Lori liliteleza pale kwa fundi wa baiskeli." Nikaandika. Tukaenda hivyo. Mtu hana hata herufi moja lakini anakumbuka kila tope alilokwama, nani alisukuma na nani alipoteza kiatu. Mahali ambapo hakuwa na hakika tulimuita mmoja wa vibarua naye akaulizwa peke yake, na kama maneno yao hayakulingana hatukuandika.

Tatizo ni kwamba kitabu kina mambo mengine. Nikaruka mstari.

"Hapo umeruka," akasema.

"Ni upuuzi tu."

"Soma, Mama."

Nikasoma. Kwamba ni mtu wa sawa, Mama kutoka asubuhi hadi jioni na sijui kama ndani mwake kuna kitu kingine. Nilitamani sakafu ipasuke. Absalom alikuna kidevu muda mrefu, halafu akacheka mpaka akakohoa. "Sawa, Mama," akasema. Nami nikacheka na machozi yakatoka.

Alhamisi, 4 Juni

Safari ishirini na tatu. Hiyo ndiyo hesabu. Tani sitini na tisa zilizokuwa zimeandikwa dampo na hazikufika.

Jumatatu, 8 Juni

Barabara kavu. Safari tatu kutoka shimoni. Nimekwenda nao na buti za mpira, naandika nikiwa hapohapo. Sitaandika tena kitu nikiwa nimekaa.

Jumatano, 10 Juni

Mvua. Hatukwenda. Kombe la Dunia limeanza na vibarua wamefurahia mvua.

Jumatatu, 15 Juni

Safari nne. Tumemwaga chokaa. Akina mama wa bondeni walikuja kutuangalia. Nimewaambia wachemshe maji, na nimewaambia kwa nini. Mmoja alinitukana kwa Kidholuo kisawasawa. Nikamwitikia tu.

Ijumaa, 19 Juni

Safari nne. Rosa alipita na mzigo wa kuni, hakunisalimia. Nilimsalimia mimi.

Jumatano, 24 Juni

Shimo limeisha. Ilichukua safari ishirini na tisa, kwa sababu ya maji na udongo uliooza. Absalom alikuwa amepanga vifuniko ishirini na tatu kifudifudi kwenye trei mpya, na leo aliniita nivigeuze. Kimoja kimoja. Nilivigeuza.

Jumanne, 30 Juni

Bwana Wakhisi alikuja saa tatu. Bwana Pradip naye alikuja, akakaa karibu na mlango kama mtu asiyetaka kukaa sana.

Printa ilikwaruza dakika ishirini nzima. Nilimpa Bwana Wakhisi karatasi zote. Sasa kuna sehemu mpya tuliyoiongeza na Jaswinder baada ya mahali pa kutupa: "Imelala au imefika." Na karatasi ya mwisho peke yake, safari ishirini na tatu, zililala lini, ziliondolewa lini, na kosa lilikuwa la nani. Jina langu liko hapo.

Alisoma yote.

"Huyu Seline Apiyo ni nani?"

"Ni mimi."

"Nimekagua kampuni tisa mwezi huu. Nane hazijawahi kukosea hata siku moja, mvua yote hii." Alitoa kalamu. "Leseni ya mwaka siwezi. Mmetupa uchafu karibu na maji ya watu. Nawapa miezi mitatu, na kila wiki nitapita kwenye hilo shimo. Nikikuta hata gamba moja la samaki, kwisha." Halafu akauliza, "Na hiyo trei ya mayai ya kazi gani?"

"Ndiyo rekodi ya kwanza," nikamwambia. "Kompyuta inafuata hiyo."

Aliinama akaiangalia, akamuuliza Absalom maswali mengi, na Absalom akamjibu yote bila kusema sawa hata mara moja.

Bwana Pradip alisimama. "Miezi mitatu?" Bwana Mohinder akasema, "Miezi mitatu." Bwana Pradip akafikiri. "Lete lori kesho saa moja," akasema, akaenda. Sisi wanane tulishikana mikono kama watu waliotoka mazishini wakakuta maiti amekaa. Na mimi nilifurahi, lakini nilikuwa na safari moja bado haijafika.

Jumatano, 1 Julai

Nimeenda kwa Rosa na sukari na sabuni. Hakunikaribisha ndani. "Hivyo vitu rudi navyo," akasema. "Nasikia uliwapa wakubwa karatasi."

"Niliwapa."

"Iliandikwa ukweli wote?"

"Wote."

"Basi na mimi nataka yangu. Na naibu wa chifu apate yake. Kama ile barua yako, na mstari mzito chini."

Ijumaa, 3 Julai

Nimeitaipu leo saa ya chakula. Nimeandika na kufuta mara sita, na Jaswinder hakunisaidia hata neno. Inasema: Kuanzia tarehe 26 Machi mpaka 22 Mei, 1998, taka za samaki zililazwa kwenye shimo la murram la Nyamasaria, nyuma ya boma la Rosa. Aina: matumbo na vichwa. Safari: 23. Harufu haikuwa ya nguruwe. Nguruwe wa Rosa walikuwa safi. Aliyewashtaki ndiye aliyekosea. Seline Apiyo, karani.

Mstari wa chini nimeuchora mzito. Nakala moja nimeipeleka kwa naibu wa chifu, akaishika kwa vidole viwili na safari hii hakusema kitu.

Jumapili, 5 Julai

Rosa ameigongomea karatasi kwenye mlango wa zizi kwa misumari minne. Aliniita nikiwa nafua. "Watu watapita hapa wakitoka misa. Wengine hawajui kusoma, na mimi pia sijui. Simama hapo uwasomee."

"Kwenye zizi?"

"Si ndipo ilipo?"

Nikajifuta mikono, nikaenda nikasimama kwenye mlango wa zizi la nguruwe, mimi Msabato, na kitambaa cha kufulia bado kiko kiunoni. Walikuja wawili wawili, nguo za kanisa, wakisimama mbali kidogo. Nilisoma kwa sauti, kutoka tarehe mpaka jina langu. Wengine waliguna. Mama mmoja wa bondeni alisema, "Rudia hapo pa nguruwe safi," nikarudia. Rosa alikuwa amekaa mlangoni kwake anachambua dagaa wa omena, haangalii huku.

Nilipomaliza mara ya tano miguu ilikuwa inauma. Rosa aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka karibu yangu. Nikakaa. Watu wengine walikuwa wanakuja, nikaanza tena kutoka tarehe.